Mama Giza na Biti Nane

Walimwita Mama Giza, na mgeni aliyelisikia jina hilo kwa mara ya kwanza alijiandaa kukutana na mwanamke mkali mwenye roho ya korosho. Wala hakuwa hivyo. Jina lilitokana na chumba. Zamani, enzi za filamu, hospitali ile ilikuwa na chumba kidogo kisicho na dirisha mwishoni mwa korido ya chini. Darini kulikuwa na taa moja nyekundu, na juu ya meza ya saruji yalipangwa mabeseni ya dawa. Humo ndimo picha za eksrei zilimosafishwa, na humo ndimo yeye alimoingia akiwa binti mbichi aliyeajiriwa kufagia. Alifagia, akatazama, akauliza, akafukuzwa, akarudi kuuliza tena. Mzee aliyekuwa akisafisha picha alipochoka kumfukuza, akaanza kumfundisha. Baadaye hospitali ikampeleka chuo, akarudi na cheti cha mpiga picha, lakini jina la chumba likawa limeshamganda, na watoto wake wawili wakakua wakiitwa watoto wa Giza bila mtu kuona ajabu.

Kazi hiyo aliijua kwa vidole. Gizani alikuwa akifungua kaseti ya filamu, anaichomoa kwa kona zake, anaiweka kwenye fremu na kuizamisha katika dawa bila kuikwaruza, huku akizungumza na mtu aliye nje ya mlango kuhusu mambo mengine kabisa. Harufu ya dawa ilimwingia mpaka kwenye nywele. Mumewe, fundi cherehani mwenye maneno mengi kuliko nyuzi, alizoea kuwaambia wateja wake, "Mimi sikuoa mke, nilioa kiwanda."

Kisha filamu zikafa. Zikaja mashine zinazopiga picha na kuimwaga moja kwa moja kwenye kompyuta. Mabeseni yakabebwa, taa nyekundu ikang'olewa, na chumba cha giza kikawa stoo ya ndoo na matambara ya kupigia deki. Wapiga picha wawili wa umri wake wakaomba kustaafu mapema. Yeye akaitwa ofisini kwa mganga mkuu, daktari mpole aliyekuwa na tabia ya kuvua miwani kila alipotaka kusema jambo zito.

Miwani ikavuliwa.

"Mama, umetutumikia sana," alisema. "Tumeona upumzike kidogo. Pale mapokezi kuna kiti kizuri, kuna feni, kuna watu wa kuzungumza nao."

"Daktari, kwani mimi nimeomba kiti?"

"Si hivyo, mama. Mashine hizi mpya zinataka watu wa kompyuta."

"Hao watu wa kompyuta, walizaliwa nayo au walifundishwa?"

Mganga mkuu akacheka, akavaa miwani, akaivua tena. "Walifundishwa."

"Basi na mimi nifundishwe. Nikishindwa, kiti chenyewe hakikimbii, nitakikuta palepale."

Alitoka ofisini. Maneno alikuwa ameyasema kwa ushujaa, lakini ukweli ni kwamba hadi siku ile hakuwahi kuiwasha kompyuta kwa mkono wake. Alipofika nyumbani alimkuta mumewe ameinama juu ya cherehani, pini mdomoni, akamsimulia yote. Mume akatoa pini moja moja mdomoni, akazichoma kwenye kifuko cha pamba alichokivaa mkononi, halafu akauliza swali moja tu: "Utaweza?"

"Nitaweza."

"Haya. Basi chakula cha jioni nitapika mimi mpaka uweze. Ila uweze upesi, maana mapishi yangu unayajua."

Mtu aliyemfundisha alikuwa fundi wa kompyuta aliyehudumia hospitali kadhaa kwa zamu, akifika kwao mara moja kwa wiki. Alikuwa mwanamke mnene wa makamo, mwenye sauti ya kukwaruza na mwendo wa haraka, na kwa kuwa hakuonekana bila nyaya zimening'inia shingoni, wote walimwita Bi Waya. Mama Giza alimfuata kwenye chumba cha mitambo, akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akasema, "Dada, nifundishe hii mashine."

"Mashine baadaye," alisema Bi Waya bila kugeuka. "Kwanza vipimo. Fundi asiyejua vipimo ni mharibifu tu."

Akamwanzia chini kabisa. Biti ni kama swichi, alimwambia: imewaka au imezimwa, hakuna katikati. Biti nane zikikaa pamoja ni baiti moja. Baiti elfu moja ni kilobaiti, kilobaiti elfu moja ni megabaiti, megabaiti elfu moja ni gigabaiti, na gigabaiti elfu moja ni terabaiti. Kupanda unagawa, kushuka unazidisha.

"Biti nane, baiti moja," Mama Giza alirudia kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Hiyo usiisahau hata ukiamshwa usingizini."

Akajifunga kibwebwe. Akifua, midomo inacheza: kilo, mega, giga, tera. Akisubiri maji yachemke, anagawa. Alipokosea, alijizomea mwenyewe kwa sauti, na jirani akaulizia kwa mumewe kama kuna tatizo. Hesabu zilikuwa kavu mpaka siku alipozigeuza kuwa picha. Picha ya kifua kwenye mashine yao mpya ilikuwa na megabaiti kumi na sita, kwa hiyo gigabaiti moja inabeba vifua sitini na viwili hivi. Kipande kimoja cha picha ya kichwa kutoka kwenye siti skani, ile mashine ya duara ambayo mgonjwa anaingizwa amelala na kupigwa picha vipande vipande kama mkate wa kukatwa, kilikuwa na nusu megabaiti. Hapo akili ikatulia. Megabaiti haikuwa tena neno la kigeni. Ilikuwa mapafu ya mtu, ilikuwa goti, ilikuwa fuvu. Kabla mvua za mwaka ule hazijakatika alikuwa anapiga picha kwenye mashine mpya, anazihifadhi, anazitafuta na kuzifungua bila kumwita mtu. Habari za kiti cha mapokezi hazikutajwa tena.

Si kwamba hakuwa na aibu zake. Hospitali ilipoletewa diski ya kuhifadhia picha, boksi likiwa limeandikwa terabaiti nne, yeye ndiye aliyekuwepo Bi Waya alipoichomeka, na yeye ndiye aliyeona kompyuta ikisema terabaiti tatu nukta sita. Hakusubiri maelezo. Alitoka mbio hadi stoo, akamwambia mtunza stoo kwamba wameuziwa diski iliyopunjwa, na mtunza stoo, ambaye alipenda ugomvi kama wengine wanavyopenda mpira, akashika simu kumpigia aliyeileta. Vurugu ikafika hadi kwa mganga mkuu. Bi Waya alipotokeza kusema diski ni nzima, hakuna aliyekuwa tayari kumsikiliza, na Mama Giza alirudi nyumbani akiwa bado amefura.

"Wameandika nne, ndani zipo tatu na kitu," alimlalamikia mumewe. "Wametufanya wajinga."

Fundi cherehani alikuwa anapima kitambaa. Hakuinua kichwa. "Waliosema nne, wamepima kwa nini? Na hiyo kompyuta imepima kwa nini?"

"Kwani vinatofautiana?"

"Mimi sijui mambo yenu. Ninachojua, dukani nauziwa yadi nne, nikifika hapa naweka utepe wangu wa mita, napata mita tatu na sentimita sitini na kitu. Mwaka wa kwanza wa ufundi nilitaka kupigana na mwenye duka. Kitambaa ni kilekile, mke wangu. Rula ndizo mbili."

Kesho yake alimngoja Bi Waya kwenye simu mpaka akampata. Ni kweli. Wenye kutengeneza diski huhesabu kwa elfu: elfu, elfu ya elfu, kupanda hivyo. Kompyuta ile, kwa kuwa mambo yake yote hujirudufu mbili mbili, huhesabu kwa elfu moja na ishirini na nne kila ngazi, halafu inatumia jina lilelile la terabaiti. Tofauti ni ndogo kwenye kilobaiti, lakini kila ngazi inaongezeka, na ukifika kwenye tera imeshakula karibu sehemu moja ya kumi. Baiti zenyewe zipo zote, hakuna iliyoibwa. Mama Giza alikwenda stoo kumwomba radhi mtunza stoo, akaenda ofisini kwa mganga mkuu akaeleza, na kwa kuwa alieleza kwa yadi na mita, mganga mkuu alielewa kwa mara ya kwanza kitu ambacho alikuwa akikiitikia kwa kichwa tu kwenye mikutano.

"Mama," alisema, "basi na ule mpango wa kutuma picha uushike wewe."

Mpango huo ulikuwa hivi. Hospitali yao haikuwa na daktari bingwa wa kichwa. Aliyekuwepo alikuwa katika hospitali kubwa, mwendo wa nusu siku kwa gari la wagonjwa, na si kila kichwa kilichopasuka kinaweza kungoja nusu siku. Sasa kulikuwa na laini ya intaneti. Picha zingepigwa hapa, zingetumwa kule, bingwa angezisoma na kusema kwa simu: mleteni, au msimlete, mpasueni hapohapo. Kilichohitajika ni mtu wa kupanga nani anafanya nini, kwa mfuatano gani, na kila jambo linachukua muda gani.

Mama Giza alikaa na karatasi za laini. Zilisema kasi ya kutuma ni nne kwa sekunde, na mbele ya hiyo nne kuna herufi M na b. Akapiga hesabu. Mtu aliyeanguka vibaya hupigwa picha za kichwa na shingo, kwa vipande vyembamba na vinene, jumla megabaiti mia nane. Mia nane gawa kwa nne ni sekunde mia mbili. Dakika tatu na ushee! Alirudia hesabu hiyo mara kadhaa kwa furaha. Ikiwa ni dakika tatu, basi hakuna haja ya kuchagua picha. Zitumwe zote kwa mkupuo, bingwa ajichagulie mwenyewe. Akaandika hivyo. Mganga mkuu akasaini. Bi Waya wakati huo alikuwa kwenye hospitali nyingine, mtambo wao umeungua, na hakuonyeshwa karatasi hiyo.

Walijaribu mara moja, kwa picha ya goti ya megabaiti nane. Kwa hesabu yake ilitakiwa kufika ndani ya sekunde mbili. Ilichukua zaidi ya kumi na tano. Mama Giza aliitazama skrini, akasikia kelele za mpira kutoka chumba cha mapumziko juu, akahitimisha kwamba vijana wa maabara wamejazana kwenye laini wakitazama mechi. Akapanda ngazi kuwafokea. Wakazima, huku wakilalamika. Goti lilikuwa limeshafika, na hakuna aliyelijaribu mara ya pili.

Mpaka rangi mmoja aliletwa asubuhi moja ya katikati ya wiki, juani kabisa, akiwa amelazwa kwenye mlango uliong'olewa na wenzake. Alikuwa juu ya jukwaa la mbao anapaka ukuta wa ghorofa, ubao ukateleza. Nywele zilikuwa na madoa meupe ya rangi na kwa nyuma damu. Mwanzoni aliongea, akamwambia mkewe asilie. Walipomfikisha mlangoni pa chumba cha picha, maneno yalikuwa yameanza kuburuzika, na jicho moja lilikuwa limefunguka kuliko jingine. Daktari wa upasuaji, aliyekuwa hodari wa matumbo na mifupa lakini hakuwahi kufungua fuvu bila msaada, alimtazama jicho akasema kwa sauti ya chini, "Haraka."

Mama Giza alimwingiza kwenye mashine, shingo ikiwa imefungwa kola ngumu ya kuizuia isitikisike. Mikono yake ilikuwa imetulia.  Mashine ikazunguka, vipande vikashuka kwenye skrini kimoja baada ya kingine. Akabonyeza kutuma, vyote, kama mpango ulivyosema. Simu ya bingwa ilikuwa imeshawekwa kwenye spika, na mganga mkuu alikuwa amesimama nyuma ya kiti.

Mstari wa kijani ukaanza kutambaa. Ukatambaa kama mtu asiye na shughuli.

"Sioni kitu bado," ilisema sauti ya bingwa. Ilikuwa sauti ya mwanamke, kavu, isiyo na haraka.

"Zinakuja, daktari," alisema Mama Giza.

Dakika moja ikapita. Mbili. Akatupa jicho juu: chumba cha mapumziko kilikuwa kimya, na hakukuwa na mpira saa hiyo. Koridoni mke wa mpaka rangi alikuwa anauliza kila apitaye kama mumewe bado anapumua.

"Bado," ilisema simu. "Mna tatizo huko?"

Hapo ndipo aliposoma maandishi madogo chini ya mstari, ambayo siku ya goti hakuyajali. Yalionyesha kasi: nukta tano. Nusu megabaiti kwa sekunde. Yeye alitegemea nne. Nne kwa nusu, akawaza, nne ni mara ngapi ya nusu? Mara nane. Na papo hapo ile nane ikamgonga kama mlango. Biti nane, baiti moja. Laini ilikuwa inahesabu biti. Yeye alihesabu baiti. Wimbo aliouimba akifua, akipika, akitembea, ulikuwa umepita mbele ya macho yake kwenye karatasi ile na hakuutambua.

 Lakini kichwa kiliendelea kufanya kazi, kwa sababu alikuwa amekizoesha. Megabaiti mia nane kwa nusu nusu ni sekunde elfu moja na mia sita. Gawa kwa sitini. Dakika ishirini na sita na zaidi.

"Daktari," alimwambia mganga mkuu, "nasimamisha."

"Unasimamisha nini? Ukisimamisha tunaanza sifuri!"

"Tukiacha hivi ni karibu nusu saa. Mtu huyu hana nusu saa."

"Mpango si ulisema dakika tatu?"

"Mpango niliukosea mimi. Nitaeleza baadaye."

Mganga mkuu alinyoosha mkono kumzuia. Kipanya kilikuwa tayari kimebonyezwa. Mstari wa kijani ukatoweka. Mama Giza akafungua orodha ya picha, akaacha vipande vyembamba vyote, akaacha shingo yote, akachagua vile vinene vya kichwa ambavyo mashine ilikuwa imeshavitayarisha. Vilikuwa thelathini. Nusu nusu mara thelathini ni megabaiti kumi na tano. Kwa laini ile, nusu dakika.

"Daktari bingwa," alisema kwenye simu, "nakuletea kichwa kwanza, vipande vinene. Shingo itafuata. Hesabu nusu dakika."

"Nahesabu."

Mstari ukaanza upya. Safari hii uliruka. Mama Giza hakuutazama. Alitazama mgonjwa kupitia kioo, kifua kikipanda na kushuka kivivu.

"Nimepata," ilisema simu.  Kisha: "Naiona. Damu imejikusanya upande wa kushoto, kati ya fuvu na utando wa ubongo, hapa kwenye panja. Inasukuma. Msimsafirishe, atafia njiani. Nipeni daktari wa upasuaji, na huyo mgonjwa aanze kupelekwa chumba cha upasuaji tukiwa tunaongea. Kola ya shingo msiitoe mpaka nione shingo."

Machela ikaondoka mbio. Mganga mkuu akaifuata, simu mkononi. Mama Giza akabaki peke yake, akatuma shingo, kipande kwa kipande, akikaa nayo mpaka mwisho. Shingo ilikuwa nzima. Alipoletewa jibu hilo kutoka chumba cha upasuaji aliinamisha kichwa juu ya meza, akalia kidogo, akajipangusa kwa kona ya koti, akamwita mgonjwa aliyefuata, bibi mwenye maumivu ya nyonga ambaye alikuwa amengoja kwa adabu tangu asubuhi.

Upasuaji ulichukua muda. Bingwa aliongoza kwa simu: toboa hapa, panua, nyonya, tafuta mshipa. Daktari wa upasuaji alitoka akiwa ameloa kama aliyenyeshewa, akamwambia mke wa mpaka rangi kwamba mumewe yuko hai, mengine wangoje. Mke alikaa chini palepale sakafuni, na muuguzi mmoja akakaa naye.

Mama Giza hakungoja aitwe. Alikwenda ofisini mwenyewe, akasimama mbele ya meza.

"Kosa ni langu, daktari. Laini inapimwa kwa biti, mimi nikapima kwa baiti. Na goti lilituonyesha, nikawafokea watoto wa watu."

Miwani ikavuliwa. "Na mimi nilisaini bila kuuliza hata swali moja," alisema mganga mkuu. "Keti, mama. Sasa tunafanyaje?"

"Sasa tunaandika upya."

Bi Waya alipofika wiki ile, alionyeshwa karatasi ya laini. Akaweka ukucha kwenye herufi ya pili. "Unaona hii b? Ndogo. Ndogo ni biti. Ingekuwa kubwa, ndiyo baiti. Wauzaji wa intaneti wanapenda ndogo, maana namba inanenepa." Kisha akamtazama mwanafunzi wake, sauti ya kukwaruza ikalegea. "Watu wazima wengi wamezama kwenye herufi hiyo. Ungenipigia simu, lakini."

"Ningekupigia kama ningejua sijui."

Waliketi pamoja na kuusuka mpango mpya. Vinene vya kichwa vitangulie, kila mara, bila kungoja amri. Shingo ifuate. Vyembamba viende mwisho, bingwa akivitaka. Bi Waya akaongeza njia ya kubana picha kabla ya kuzituma bila kupoteza hata nukta moja, na mzigo ukapungua karibu nusu. Walijaribu mara nyingi, asubuhi na mchana, mpira ukiwepo na usipokuwepo, na kila safari muda uliopimwa kwa saa ukalinganishwa na muda uliopigiwa hesabu. Ombi la laini kubwa zaidi lilipelekwa. Likapokelewa. Likakaa huko lilikokwenda. Mama Giza hakukaa kulisubiri. Aliwafundisha wapiga picha wote, kisha wauguzi wa zamu, kisha vijana wa maabara, ambao kwanza aliwaomba radhi na ndipo akawasomesha. Aliyesema kwamba hesabu si kazi yake aliulizwa kwa upole kama kungoja nusu saa mbele ya mtu anayekufa ndiyo kazi yake. Wote wakajifunza. Hata mtunza stoo alikuja, akakaa nyuma, akidai anapita tu.

Mumewe alirudishiwa likizo yake ya jikoni, akaipokea kwa shukrani, na familia nzima ikamshukuru Mungu.

Mpaka rangi alikaa wodini muda mrefu. Alipoamka, maneno yalimjia polepole, moja moja, kama mtu anayeokota vitu sakafuni, na mkono wa kulia ulikuwa mzito. Miezi ikapita ndipo akaletwa tena kupigwa picha ya kuangalia maendeleo. Aliingia akitembea, mkewe kando yake, na kucha za mkono wa kushoto zilikuwa na rangi ya kijani.

Mama Giza akaziona. "Umerudi kazini?"

"Mlango," alisema mpaka rangi. Akatafuta neno lililofuata, akalipata. "Wa jirani. Kwa kushoto."

"Mstari wa rangi umenyooka?"

Akafikiri. "Bado."

"Anafuta, anarudia," alisema mkewe. "Jirani amechoka, mlango wake umeshapakwa kama siku ya sikukuu. Lakini huyu hataki kuuacha."

"Nitaunyoosha," alisema mpaka rangi, na neno hilo lilitoka zima, bila kukatika.

"Utaunyoosha," alisema Mama Giza. "Haya, lala hapa, baba. Kichwa katikati. Usitikisike mpaka nikwambie."

Akafunga mlango, akakaa kwenye kiti chake nyuma ya kioo, akaanza kupiga picha.